Yesu wa Kilimani Akikunja Mikono

"Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu!" aliapa Baba Koku akivua viatu. "Daktari kanipima, kasema nina moyo wa kijana."

Mkewe akachungulia dirishani. Kilimani, juu ya barabara kuu, ile sanamu ya Yesu ilikuwa inakunja mikono taratibu, kama ifanyavyo kila mtu anapodanganya mjini.

"Baba Koku?"

"Labda kuna mwongo mwingine."

Sanamu ikageuza na uso.

Mama Koku akamkabidhi kisu na mkungu wa ndizi, adhabu ya waongo wote. Mzee akamenya, kisha akasema, "Niliishia getini pa hospitali. Niliogopa. Kesho nisindikize."

Wakachungulia wote wawili. Mikono ilikuwa inafunguka.

"Menya tu," akacheka mkewe. "Nitakusindikiza."