Nyayo za Jikoni

Mke wangu Nyamizi hakuwa na miguu ya kutegemewa, wala vidole vya kufunga vifungo, wala macho yasiyochoka. Ugonjwa wa neva ulimnyang'anya vyote. Alibaki na nyumba ya Serikali yenye mitambo, iliyomwinua, ikamwogesha na kumvalisha. Sakafu yake ilitambua nyayo, ingawa mara nyingine ilizichanganya. Aliyesimama mwenyewe hata mara moja alihesabiwa amepona.

Asubuhi moja ugonjwa ulimwachia kidogo. Niliamka nikamkuta jikoni, amesimama, anasukuma chapati.

"Baba Kasanda, funga mdomo, nzi wataingia!" alinicheka. "Leo unapikiwa na mkeo."

Tulikula huku tunalia kwa furaha. Jioni miguu ilikufa tena, na nyumba ikatangaza kwa upole: "Hongera, mama. Umepona. Mtahama Ijumaa."

Nyamizi akasema, "Waandikie kwamba sikusimama."

"Lakini nilikuona, mke wangu."

"Najua uliniona. Andika."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora kwamba mke wangu hajasimama kwa miaka mingi, na nyayo zile za jikoni zilikuwa zangu. Nikaifunga bahasha kwa ulimi uliokuwa bado na ladha ya samli, nikaituma.