Mlio wa Madoa

Siku ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya fisi walikuwapo Nyati, Tumbili, Mama Kanga na vifaranga wake, na Pundamilia, aliyewasogelea vifaranga ili wapate kivuli cha tumbo lake.

Tumbili akataja mashujaa, wote wenye pembe.

"Na Madoa, baba wa hawa, aliyewaamsha nyote?" akauliza Mama Kanga.

"Shemeji, hata mwaka jana uliuliza hivyo hivyo! Kanga anapigana kwa silaha gani, manyoya?" akasema Tumbili.

"Fisi niliwasikia mwenyewe," Nyati akadakia. "Hakuna aliyeniamsha."

Mama Kanga alichoka. Kila mwaka maneno yale yale, na watoto wanasikia! Akapanda juu ya kichuguu, akapiga mlio wa mumewe, mkali, wa kukatakata.

Nyati aliruka akaelekeza pembe porini kabla hajajua anafanya nini. Fisi hawakuwapo. Akabaki anahema.

"Ndio huo," akasema taratibu. "Ulituamsha alfajiri ile, kisha ukakatika ghafla."

"Ulikatika walipomkamata," akajibu Mama Kanga.

Tangu mwaka ule kumbukumbu hufunguliwa kwa mlio wa kanga, na Nyati ndiye huwa wa kwanza kusimama.