Laini Mpya ya Ilyasi

"Iambie mashine yako iseme ni yeye," Bi Mwanahawa alisema, chai hata hajaigusa.

Profesa Herieth alikuwa amekuja Mbinga kupumzika, lakini apumzike wapi? Mji mzima ulishapata habari kwamba binti yao anayefundisha Kiingereza chuo kikuu ana kompyuta inayosoma maandishi na kumtaja aliyeandika. Wanafunzi wangapi imewaumbua! "Inanusa kama mbwa wa polisi," jirani yake Kunigunda alikuwa anawaambia waliojaa sebuleni. Na huyu Bi Mwanahawa kadamka kijijini Lipingo na basi la kwanza, simu ya mumewe mkononi.

Ndani ya simu kulikuwa na ujumbe wa mwanawe, Ilyasi, aliyekwenda kuchimba madini Msumbiji. Mwezi wa Ramadhani alibadilisha laini ya simu. Tangu hapo baba yake, Mzee Bwanali, mgonjwa wa moyo, anasema anayemwandikia si mwanawe. Juzi kagoma kula. Jana kagoma na dawa.

Herieth aliingiza ujumbe wote, wa zamani na wa sasa. Majibu yalipotoka akawaomba watu wawapishe. Wakatoka, masikio wakayaacha dirishani.

"Mama, nisamehe. Wa laini mpya ni mtu mwingine."

Bi Mwanahawa hakulia. "Umemjuaje?"

"Ilyasi alikuwa mtu wa utani. Timu ya mzee ikifungwa, hamwachi apumue. Anadai atumiwe dagaa wa usipa, analalamika mbu. Huyu wa sasa anashukuru tu na kuomba dua. Hajawahi kudai hata kitu kimoja."

"Timu," mama alirudia taratibu, kama mtu anayetumwa dukani. "Usipa. Mbu. Na nini kingine?"

Damu ilimchemka Herieth. Jitu gani hili linalojifanya mtoto wa watu, na mtoto mwenyewe hajulikani alipo? Alichukua simu yake, akaipiga namba ile.

Ikaita. Ikaita pale pale sebuleni, ndani ya pindo la kanga ya Bi Mwanahawa.

Mama aliiacha iite mpaka ikakatika.

"Basi niandikie wewe, mwanangu," alisema. "Nikirudi mzee atauliza Ilyasi kasemaje leo. Msiba huu moyo wake hautauweza, na mimi utani umeniisha."