Mshale Uliolala

Saa nne na dakika kumi asubuhi mshale wa mita ulishuka mpaka sifuri, ukalala hapo. Zubery aligonga kioo kwa ukucha. Haukutikisika.

Akakaza nyaya. Akabadili fyuzi. Umelala tu.

Zubery, Baba Nusrat kwa waliomzoea, alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja hapo Mbeya. Shule aliishia darasa la saba, lakini hapakuwa na mashine pale ambayo hakuwahi kuifungua. Hii moja ndiyo ilimshinda. Ilikuwa ya Eveline, binti wa Kilolo aliyefundisha hapo huku akisomea shahada ya uzamivu ya fizikia. Ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, ile ile ambayo watu wa mifugo huhifadhia mbegu za madume, kulikuwa na kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kwenye kipande hicho kulikuwa na nukta mbili zisizoonekana kwa macho. Eveline aliziita milango. Umeme ulipita hapo, elektroni moja moja.

"Hiyo moja inapita mlango upi?" Zubery aliwahi kumuuliza.

"Yote miwili. Kwa pamoja."

"Mwalimu, hata mwizi wa kuku anachagua mlango."

Eveline alicheka. "Basi wewe niangalizie mshale tu."

Kipande kilikuwa cha mwisho. Kikipata joto kinapasuka, na naitrojeni ilibaki ya siku mbili. Baada ya hapo chuo kingefunga jalada lake, miaka minne bila jibu. Kipande kilikuwa bado kinaendelea kupoa wakati simu ilipotoka nyumbani, jana yake, kwamba baba yake amefariki. Eveline alikimbilia basi la Iringa, kitenge kiunoni. Maagizo aliyatoa mlangoni.

"Milango yote iko wazi, usiguse swichi. Andika mshale kila dakika kumi. Ukilala nipigie papo hapo, hata kama tuko makaburini."

Sasa umelala. Kwa saa tatu nzima Zubery aliandika sifuri, moja chini ya nyingine. Mara tatu alishika simu, mara tatu akairudisha mfukoni. Saa hizi huko Kilolo jeneza linatolewa ndani. Nani anampigia mtu anayemzika baba yake, amwambie na kazi yako nayo imekufa?

Akafanya anachofanya fundi yeyote asipojua ubovu uko upande gani. Alizima swichi ya mlango wa kulia.

Mshale ukaruka, ukasimama katikati.

"Kumbe mbovu ni wewe," aliiambia swichi. Akachana kurasa za sifuri, akazitia kwenye jiko la chai, akaanza ukurasa mpya.

Saa tisa simu iliita. Nyuma ya sauti ya Eveline kwaya ya Walutheri ilikuwa inaimba.

"Fundi, mshale?"

"Umesimama, mwanangu. Unacheza vizuri."

"Haujalala hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mzike mzee kwa amani."

Eveline alianza kulia. Zubery alimwonea huruma. Baba ni baba.

"Zima," Eveline alisema mwishowe. "Naitrojeni iliyobaki wapelekee watu wa mifugo."

"Namba nilizoandika zinatosha?"

"Imetosha, Baba Nusrat. Imetosha."

Zubery akazima. Kipande kilipopata joto kilitoa mlio mdogo, kama chumvi imetupwa motoni, kikawa vipande viwili. Hakuwa na wasiwasi. Kazi ilikuwa imeshakwisha.

Jumatatu Eveline alirudi, kichwa kimenyolewa. Hakukaa. Alileta boksi la sabuni akaanza kupakia vitabu vyake.

"Unahama chumba?"

"Narudi nyumbani. Mama amebaki peke yake na shamba."

Zubery alimkabidhi daftari. Aliona msiba umeshapita, hakuna haja ya kuficha tena.

"Sasa nikwambie ukweli. Siku ile mshale ulilala bwana, saa tatu nzima. Nikazima mlango wa kulia, ukaamka. Sikutaka kukuongezea machungu."

Eveline aliweka boksi chini.

"Ulilala milango yote ikiwa wazi?"

"Yote miwili."

"Sifuri kabisa?"

"Sifuri kavu."

"Kurasa ziko wapi?"

"Nilizichoma. Zingekusaidia nini?"

Eveline alikaa sakafuni taratibu, mgongo ukutani. Alipoongea hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Zubery zaidi.

"Elektroni ikipita milango miwili kwa pamoja inajifuta yenyewe, Baba Nusrat. Miaka minne nilikuwa naomba mshale huo ulale."