Kifaru cha Upande Mmoja

Njiwa alitua juu ya kifaru cha vita cha mbao, akatumbukia ndani.

Hilda, aliyekuwa akikipaka rangi ya vumbi, alipanda ngazi akachungulia. Kifaru hakikuwa na paa. Vyote vilivyojaa uwanja ule vilikuwa wazi juu kama masanduku.

Mafundi wa studio ile ya filamu, nje kidogo ya London, walizoea kujenga upande unaoonwa na kamera tu. Jeshi lilipoagiza vifaru bandia vya kuwahadaa marubani wa Kijerumani, wakajenga kama kawaida yao.

Meja aliyekuja kuvikagua alikuwa ameshatoa kalamu.

"Misumari ile ni rangi tupu, mheshimiwa," fundi mkuu alijigamba. "Gusa uone."

"Mzee, nilitaka kukipigia saluti," Meja alisema.

Meja akisaini, Hilda na wenzake wangebaki studio. Akikataa, wangepelekwa kiwanda cha mabomu, ambako dada yake alikuwa amegeuka manjano kwa kemikali, hadi kwenye kucha. Lakini kaka yake alikuwa ndani ya kifaru cha kweli, na hivi vya mbao vilikusudiwa kupigwa badala yake.

Fundi akamwona. "Wewe binti, shuka huko. Hapo juu nani atapaona?"

Tangu aajiriwe, Hilda hakuwahi kumjibu fundi ila "ndiyo, bwana". Akashika ngazi kwa mikono miwili.

"Mjerumani, bwana. Yeye hapiti mlangoni, anapita juu. Na njiwa ameshaingia."