Matanga ya Ng'ambo

Kwa maneno ya Mama Nyevu, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwakilishi wa wadi yao alikuwa msalani kura ilipopigwa, kwa hiyo sheria ya matanga ya siku moja haiwagusi.

Mejumaa alicheka. Siku hizi sheria hushika tu wadi ambayo mwakilishi wake ameipigia ndiyo, na Mejumaa ndiye aliyeufuatilia muswada ule tangu usomwe mara ya kwanza, simu ikiegemea kopo la chumvi huku akikuna nazi.

"Alirudi, Mama Nyevu, akijifuta mikono kwenye suruali. Akabonyeza ndiyo."

"Na wenu?"

"Hapana. Asubuhi nilimpigia nikamkumbusha nani alimweka pale."

Basi upande huu wa barabara watu wangelia na kukesha kama walivyozoea. Upande wa pili, jua likizama turubai lishuke na waombolezaji watawanyike.

"Lakini msijali," Mejumaa akasema. "Ukija muswada wa kuifuta, nitawaambia mapema mkambane."

Mama Nyevu aligeuka kutazama kwake, ambako mumewe alikuwa amelala tangu mwezi uliopita bila kuweza hata kujigeuza.

"Chumba chako cha nyuma kina mtu?"

"Analala mwanangu. Kwani?"

"Sheria inatazama nyumba aliyofia mtu. Niruhusu nimlete Baba Nyevu leo, angali anapumua. Amezika watu wengi mtaa huu, mwanangu. Asililiwe siku moja tu."

Alishika mwimo wa mlango, akangoja.