Kampuni ya Tunu Imeshika Mkia

Wazazi wenzangu, nawaandikia kabla hamjachagua. Siku hizi shule ni kishikwambi, na kampuni moja haitambui darasa alilosoma mtoto kwenye kishikwambi cha kampuni nyingine. Kila mwaka hutangazwa mauzo ya dunia nzima. Kampuni iliyoshika mkia hufungwa, na watoto wake huanza upya darasa la kwanza kwingine.

Binti yangu Tunu ana miaka kumi na minne na ameshaanza darasa la kwanza mara tatu. Mara zote nilimchagulia mimi, mara nimevutwa na bei, mara na rangi ya kava.

Jana redio ilisoma mauzo tukiwa tunachambua mchele. Kampuni ya Tunu ilitajwa ya mwisho, na kishikwambi chake kikazimika palepale mkekani.

Mdogo wake, Chande, akacheka. "Sasa wewe ndiye utakayeniamkia, dada. Mimi niko la tano!"

Nikamfinya. Nikamwambia Tunu, "Mwanangu, safari hii chagua mwenyewe."

"Chukua chochote, mama," akasema bila kuinua macho. "A, e, i, o, u nimeshazisoma kwa kampuni tatu."

Mimi niliishia la saba, kwa ubao na chaki, lakini hakuna aliyenirudisha nyuma.

Leo asubuhi nimemletea kipya. Amesema asante kwa adabu, akakichukua, akafunikia mtungi wa maji.

Chande aliona, na safari hii hakucheka.